Padre de l'Épée, Mwalimu wa Viziwi

Tarehe 24 Novemba mwaka 1712, katika mji wa Versailles nchini Ufaransa, alizaliwa mtoto mwanamume aliyeitwa Charles-Michel de l'Épée. Baba yake alikuwa mjuzi wa ujenzi, akitumika katika majumba ya mfalme. Nyumbani mwao hapakuwa na dhiki, na kijana alipata elimu njema.

Tangu ujana wake alitamani kuwa padre. Lakini siku zile Kanisa la Ufaransa lilikuwa na ugomvi mkubwa juu ya mafundisho ya askofu mmoja marehemu, jina lake Jansen, na kila mtu aliyetaka upadre alipaswa kutia sahihi hati ya kuyakataa mafundisho hayo. De l'Épée aliona kwamba dhamiri yake haimruhusu kutia mkono wake katika hati ile. Basi akazuiliwa. Akageukia masomo ya sheria, akakubaliwa kuwa wakili mjini Paris, ingawa moyo wake haukuwa huko. Hatimaye askofu wa Troyes alimwita, akampa upadre mwaka 1738. Askofu yule alipokufa, padre hakuwa tena na mtu wa kumlinda, naye Askofu Mkuu wa Paris akamkataza kuungamisha watu. Hivyo alikaribia umri wa miaka 50 hali hana kazi kubwa machoni pa watu, akiishi kwa urithi alioachiwa na wazazi wake.

Hata siku moja, karibu na mwaka 1760, alikwenda kwa shughuli zake katika nyumba moja mjini Paris. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka. Ndani walikuwamo binti zake wawili, mapacha, wameketi wakishona. Padre akawasalimu, wasiitikie. Akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, nao hawakuinua hata macho. Akastaajabu, akidhani kwamba ni wasichana wasio na adabu. Mama aliporudi akamweleza kwa machozi kwamba wanawe wote wawili ni viziwi tangu utoto. Alikuwapo padre mwingine, jina lake Vanin, aliyeanza kuwafundisha habari za dini kwa kuwaonyesha picha. Lakini yule amekufa, na tangu hapo hapana mtu aliyejali.

De l'Épée alirudi kwake akiwa na uchungu. Hofu yake ya kwanza ilikuwa hofu ya padre, kwamba wasichana wale watakufa bila kumjua Mungu. Akaazimu kuwafundisha yeye mwenyewe, ingawa hakujua hata kidogo aanzie wapi.

Imefaa kueleza hapa jinsi viziwi walivyohesabiwa katika nchi za Ulaya wakati ule, maana bila hayo ukubwa wa kazi yake hauonekani. Watu wengi waliamini kwamba asiyesikia hawezi kusema, na asiyeweza kusema hawezi kufikiri. Wazazi wenye mali waliwaficha watoto wao viziwi kama aibu, na maskini waliwaacha waombe njiani. Sheria nayo ilifunga mlango. Katika karne ya 6 Kaisari Justinian alikusanya sheria za Warumi, na humo iliandikwa kwamba mtu aliyezaliwa kiziwi na bubu hawezi kuandika wasia, wala kutoa mali yake, wala kumpa mtumwa uhuru. Lakini yule aliyepata uziwi baadaye, naye anajua kuandika, aliruhusiwa kuyatenda hayo yote kwa mkono wake. Sheria hizo ziliendelea kuwa na nguvu katika nchi nyingi za Ulaya kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000. Basi tofauti kati ya mtu aliyehesabiwa na mtu asiyehesabiwa ilikuwa kalamu tu.

Wakubwa wa Hispania walikuwa wamekwisha kulitambua jambo hilo. Katika karne ya 16 mtawa mmoja wa huko, Pedro Ponce de León, aliwafundisha kusoma, kuandika na hata kutamka maneno wana viziwi wa ukoo wa Velasco, ukoo wenye mali nyingi. Baada yake walitokea walimu wengine huku na huku, lakini walifundisha mtoto mmoja mmoja, tena mtoto wa tajiri. Mjini Paris kwenyewe alikuwako mwalimu hodari, Jacob Rodrigues Pereira, aliyewafundisha viziwi kusema kwa kinywa. Huyo alilipwa vizuri na wazazi, naye aliificha njia yake kama fundi anavyoificha siri ya ufundi wake. Haifai kumlaumu sana, maana ndiyo iliyokuwa riziki yake. Lakini mtoto wa mchukuzi wa maji hakuweza kufika mlangoni pake.

De l'Épée alifuata njia nyingine kabisa. Alipowatazama wale mapacha aliona kwamba hawakuwa kimya hata kidogo. Walikuwa wakizungumza wao kwa wao kwa mikono, kwa macho na kwa uso, na walifahamiana upesi kuliko watu wengi wenye ndimi. Hapo akapata wazo lililokuwa shina la kazi yake yote. Aliona kwamba fikira haikufungwa na sauti, na kwamba maana iliyozoea kupita sikioni yaweza kupita machoni vilevile. Mwalimu hana haja ya kuwavuta viziwi waingie katika lugha yake asiyoweza kuisikia mwanafunzi. Ataanza yeye kujifunza lugha yao. Basi mtu mzima, padre na wakili, akaketi mbele ya wasichana wawili washonaji, akawa mwanafunzi wao.

Baada ya kuzijua ishara zao alianza kuwafundisha Kifaransa cha kuandika. Kitu kilicho mbele ya macho hakikuwa na shida: alionyesha mkate, akatoa ishara ya mkate, akaliandika jina lake ubaoni. Shida ilikuja katika maneno ambayo hayana umbo. Kwa wakati uliopita aliurusha mkono nyuma ya bega. Kwa wakati ujao aliunyosha mbele. Kwa jina la kiume aligusa kofia, na kwa jina la kike aligusa karibu na sikio, mahali ambapo kilemba cha wanawake wa siku zile kilikoma. Alipofika kwenye neno la kuamini hakuridhika na ishara moja. Alilipasua neno lile vipande vinne, akaonyesha kwamba mtu aaminiye hukubali kwa akili, hukubali kwa moyo, hukubali kwa kinywa, wala haoni kwa macho. Wako watu wengi wenye masikio mazima ambao hawakupata kuelezwa neno hilo vizuri namna ile.

Siku moja mtu asiyemjua alimletea kitabu cha Kihispania ili akinunue. De l'Épée hakukijua Kihispania, akataka kukirudisha. Alipokifungua ovyo, aliona picha za mkono mmoja ukiunda herufi zote za alfabeti, moja baada ya moja. Kilikuwa kitabu cha Juan Pablo Bonet, kilichopigwa chapa Madrid mwaka 1620. Akakinunua pale pale, akajifunza Kihispania ili aweze kukisoma.

Habari za mapacha zilienea, na wazazi wakaanza kuwaleta watoto wao. De l'Épée aliifanya nyumba yake, katika njia iitwayo rue des Moulins, kuwa shule. Hakutaka ada. Aliwapokea watoto wa matajiri na wa maskini pamoja, wakaketi benchi moja, na kama ilipasa kuchagua alichagua maskini. Katika miaka ya 1780 wanafunzi wake walizidi 60. Tena hakuficha neno. Tangu mwaka 1771 aliwaalika watu wa mji waje kuwaona wanafunzi wakiulizwa maswali mbele ya wote, nao wakijibu kwa maandishi, wengine katika lugha kadhaa. Mabwana na mabibi wa Paris walijaa chumbani hata nafasi ikawa haba. Mwaka 1776 alitoa kitabu kueleza njia yake yote, ili mtu yeyote apendaye aitwae.

Fedha zilitoka katika urithi wake. Alivaa kanzu iliyochakaa, akala chakula kidogo. Inasimuliwa kwamba katika kipupwe kikali cha mwaka 1788, naye ni mzee wa miaka 76, alikaa chumbani mwake bila moto ili fedha za kuni zibaki kwa wanafunzi. Walipogundua, walimwendea wakilia, wakamwomba kwa ishara aihifadhi afya yake kwa ajili yao. Akakubali kununua kuni. Lakini mara nyingi baadaye alirudia kuwaambia kwamba amewanyang'anya fedha zao.

Wakubwa wa nchi za mbali walimsikia. Kaisari Joseph wa 2 wa Austria alikuja mwenyewe shuleni mwaka 1777, akataka kumpa cheo chenye mapato mengi. De l'Épée alikataa kwa adabu, akaomba badala yake mtu mmoja atumwe kwake kujifunza kazi hiyo. Kaisari akamtuma Padre Storck, na mwaka 1779 shule ya viziwi ikafunguliwa Vienna. Balozi wa Malkia Catherine wa Urusi alikuja na salamu na ahadi ya zawadi. Huyu naye aliambiwa kwamba zawadi itakayopendeza ni kiziwi mmoja wa Urusi aletwe afundishwe. Walimu waliofunzwa naye au waliofuata njia yake walifungua shule Roma, Bordeaux na Groningen.

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Watu wengine husema kwamba yeye ndiye aliyebuni lugha ya ishara, na maneno hayo si kweli. Mwaka 1779 kiziwi mmoja wa Paris, Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu ambaye hakusoma katika shule ya de l'Épée, alitoa kitabu chake mwenyewe. Humo alieleza kwamba viziwi wa mji ule walikuwa na lugha yao, wakizungumza kwayo mambo yote ya dunia, bila kufundishwa na mtu mwenye kusikia. Ishara alizoongeza de l'Épée zilikuwa kwa ajili ya sarufi ya Kifaransa, nazo zilikuwa nzito; wanafunzi wake waliweza kuandika sentensi ndefu walizoonyeshwa kwa ishara, lakini walishindwa mara nyingi kutunga sentensi zao wenyewe. Yeye mwenyewe alikiri jambo hilo katika barua kwa Padre Sicard wa Bordeaux, akisema kwamba Kifaransa si lugha ya viziwi, bali lugha yao ni ishara.

Kosa lake kubwa zaidi, kama ni kosa, lilitokea mahakamani. Mwaka 1773 mvulana kiziwi mwenye matambara aliokotwa njiani karibu na Péronne, kaskazini mwa Ufaransa. Hakuna aliyejua jina lake. Alipelekwa katika nyumba ya maskini mjini Paris, kisha hospitali, na huko mwaka 1775 de l'Épée akamwona, akamchukua, akamwita Joseph. Mvulana alipojifunza kujieleza alionyesha kwa ishara kwamba alitoka katika nyumba kubwa yenye watumishi, kwamba baba yake alikufa, na kwamba alichukuliwa safarini juu ya farasi akaachwa peke yake. De l'Épée akaamini kwamba mtoto ametupwa makusudi ili wengine wale urithi wake. Akatafuta habari, akafikishiwa jina la ukoo wa Solar wa Toulouse, kusini kabisa mwa nchi, uliokuwa na mtoto kiziwi. Mtoto huyo, ilisemekana, alisafiri mwaka 1773 pamoja na kijana mmoja mwanafunzi wa sheria aitwaye Cazeaux, akafa kwa ndui.

Basi padre aliyekuwa wakili zamani akaurudia uwakili kwa ajili ya mtoto mmoja. Kesi ilivuma Ufaransa nzima. Joseph alipelekwa Toulouse. Wako waliomtambua, na wako waliokana. Cazeaux alikamatwa, akaletwa Paris kwa minyororo. Mwaka 1781 mahakama ya Châtelet iliamua kwamba Joseph ndiye mwana wa Solar, na kwamba Cazeaux hana hatia. Watu wakashangilia: mtoto asiyesikia wala kusema ameshitaki, na ushahidi wa mikono yake umepokewa na mahakimu. Lakini rufani ilikatwa, na mambo mengine yalikuwa mazito. Palikuwapo ushahidi kwamba mtoto wa Solar alikuwa bado Toulouse baada ya siku ambayo Joseph aliokotwa Péronne. Na mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Tena Cazeaux, kijana asiye na hatia, alikuwa ameonja gereza kwa sababu ya imani ya mzee mwema. De l'Épée alimwamini Joseph mpaka mwisho.

Alikufa tarehe 23 Desemba mwaka 1789, akiwa na miaka 77, wakati nchi yote ilikuwa katika misukosuko ya mapinduzi. Mfalme Louis wa 16 alikuwa ameahidi tangu mwaka 1778 kuisaidia shule, lakini fedha zilikawia sana, na alipokufa mwenye shule hapakuwa na uhakika kwamba shule itaishi. Miaka 2 baadaye, mwezi wa Julai mwaka 1791, Baraza la Taifa lilipitisha sheria. Shule ya viziwi ya Paris ikawa mali ya taifa, walimu wake walipwe na hazina, na wanafunzi maskini wapewe nafasi bila malipo. Jina la de l'Épée likawekwa miongoni mwa raia waliowatendea mema wanadamu na nchi yao. Jambo lililokuwa sadaka ya padre mmoja sasa lilikuwa wajibu wa serikali ulioandikwa.

Joseph hakupata furaha hiyo. Mwaka 1792 mahakama mpya iliigeuza hukumu ya kwanza, ikaamua kwamba yeye si mwana wa Solar. Akabaki bila jina na bila mali. Akaingia jeshini, na huko akafa. Mpaka leo haijulikani alikuwa mtoto wa nani.

Shule ikaendelea chini ya Sicard. Mmoja wa waliosoma humo, Laurent Clerc, yeye mwenyewe kiziwi, alivuka bahari mwaka 1816 pamoja na Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka 1817 wakafungua shule Hartford, Marekani. Mjini Paris, kuanzia mwaka 1834, viziwi wenyewe walifanya karamu kila mwaka kwa ukumbusho wa siku ya kuzaliwa kwa de l'Épée. Hotuba zilitolewa kwa mikono, na wageni wenye kusikia, waliokuwa wachache, waliketi kama wageni wanavyoketi katika nchi ambayo hawajui lugha yake.

Kisha ukaja wakati mgumu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, karibu wote wenye kusikia, walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka tu. Ishara zikafukuzwa katika shule nyingi, hata katika shule ya Paris yenyewe, na mahali pengine watoto waliadhibiwa kwa kuzitumia. Kwa muda wa miaka 100 viziwi wengi walizungumza lugha yao kwa kujificha, mabwenini na viwanjani. Shule chache hazikukubali kuziacha ishara, na kikubwa kati ya hizo kilikuwa chuo cha Washington kilichopewa jina la Gallaudet. Huko alisoma Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, akaja Afrika kama mmisionari, akafungua shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, na baadaye nyingine zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za bara hili.

Mwaka 2010 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, uliyakataa maazimio ya Milan na kutoa majuto kwa madhara yake. Mwaka uo huo wananchi wa Kenya walipiga kura kuikubali Katiba mpya. Katika Katiba hiyo imeandikwa kwamba lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya.